Mali ya Uzeeni ni ya Nani?

Watu wengi wa miji yetu ya pwani hufanya kazi kwa watu: bandarini, katika mabenki, mahoteli, viwanda, skuli na ofisi za serikali. Katika hao wako ambao kila mwisho wa mwezi hukatwa sehemu ya mshahara wao ikatiwa katika mfuko wa uzeeni, na tajiri naye akatia sehemu yake. Mtumishi huiona hesabu hiyo katika karatasi ya mshahara, akaipita kama apitavyo kaburi la mtu asiyemjua, kwani siku ya kulipwa i mbali. Tajiri naye huiona hesabu ile ile akajihisabu kuwa ni mkarimu. Katika kughafilika kwa huyu na kujiona kwa yule ndipo haki ipoteapo. Basi twataka kuuliza: mali hii, tangu siku ikatwayo mpaka siku ilipwayo, ni ya nani?

Wako wasemao kwamba sehemu aliyokatwa mtumishi ni yake, hapana shaka, lakini ile aliyoitia tajiri ni hiba. Mshahara, wasema, ni haki. Kilichozidi juu ya mshahara ni hisani, na mwenye kufanya hisani hana wa kumuhukumu. Akitaka atoe, akitaka azuie.

Kauli hii ilikuwa na ukweli wake zamani. Katika Marekani, kampani ya American Express, ambayo siku hizo kazi yake ilikuwa ni kusafirisha mizigo, iliweka pensheni mwaka 1875 kwa watumishi wake waliochakaa kazini. Pensheni za namna ile zilikuwa mikononi mwa wakubwa: wakiridhika na mtu humpa, wasiporidhika humnyima. Kitu cha namna hiyo chaweza kuitwa hiba. Lakini hukumu ya jambo hufuata sharti zake, na sharti zimebadilika. Leo mfuko hutajwa katika barua ya kazi, na mtu huikubali kazi kwa sababu yake.

Chukua makarani wawili wa ilimu moja na kazi moja. Mmoja apewa shilingi 60,000 kwa mwezi bila ya mfuko. Wa pili apewa 55,000, na tajiri wake humtilia 5,000 katika mfuko. Je, huyu wa pili amepewa zawadi? Hakupewa. Ameuza kazi yake kwa thamani ile ile ya mwenziwe, ila amekubali kungoja sehemu ya thamani hiyo mpaka nguvu zitakapomwisha. Anachongojea ni ujira wake. Nasi twafunzwa tangu chuoni kwamba ujira wa mtu haucheleweshwi ila kwa ridhaa yake, na kwamba ridhaa ya kungoja si ridhaa ya kudhulumiwa.

Ikiwa ni ujira uliowekwa, basi aliyeuweka ni mwenye amana, na hukumu ya amana hatuna haja ya kuieleza kwa Muislamu. Sisi watu wa pwani, kwa kweli, hatukungoja mwalimu kutoka mbali kutufahamisha mambo haya. Twaijua wakfu: mali hutolewa katika milki ya mtu, ikawekwa chini ya mutawalli, mapato yake yakaenda kwa waliokusudiwa. Mutawalli huishika wala si yake. (Na twajua pia yaliyozipata baadhi ya wakfu zetu kwa matawalli waliosahau neno hilo; nyumba nyingine zimeanguka kuta hali kodi ililiwa miaka na miaka. Lakini hilo lina siku yake.) Sheria ya Kenya ya mafao ya uzeeni, iliyotungwa mwaka 1997, imejengwa juu ya msingi uliokaribu sana na huo. Mali ya mfuko haiwi katika hesabu ya kampani. Iko chini ya wadhamini. Kuizalisha ni kazi ya mtu mwingine mwenye leseni. Kuitunza ni kazi ya wa tatu. Katika mifuko ya michango, angalau nusu ya wadhamini yapasa wachaguliwe na watumishi wenyewe. Na sheria yakataza mali hiyo kukopeshwa mtu yeyote.

Hapa ndipo yajapo mas-ala magumu, wala hatupendi kuyapita kwa haraka, kwani dhulma katika mlango huu haifanywi na wezi peke yao. Hufanywa pia na watu wema waliobanwa.

Tuseme tajiri ana watumishi 200. Biashara imemwendea kombo, wadeni wake hawalipi, na benki imefunga mlango. Mwisho wa mwezi amekata michango ya watumishi, na fedha hizo ziko mkononi mwake. Akizipeleka kwenye mfuko, mishahara haitatimia. Akizizuia, watu wote 200 watapata chakula cha mwezi huu, na huenda mwezi ujao mambo yakafunguka. Yeye mwenyewe hakutia mfukoni hata senti. Je, amefanya kosa?

Wengi watasema hakufanya, na moyo wa mtu huelekea huko. Lakini tutazame. Kwanza, aliyeazima mali ya mtu bila ya kumuuliza mwenyewe hakuazima, amechukua. Watumishi 200 hawako nchi ya mbali, wako katika ua wake. Angeweza kuwakusanya akawaeleza hali. Mbona hakuwakusanya? Kwa sababu alijua watakataa, au alichelea wataondoka. Sababu hiyo yenyewe yaonyesha kwamba alijua mali ni ya nani. Pili, na hili ndilo kubwa, mtumishi ana khatari moja tayari kwa tajiri wake: kampani ikianguka atapoteza kazi. Mfuko uliwekwa mbali ili siku hiyo ya kuanguka asipoteze vyote viwili. Jahazi hufunga mashua yake nyuma; baharini kukiwa shwari, mashua haina kazi, yaonekana kama mzigo. Hapana nahodha ambaye kuni zikimwishia ataipasua mashua ili wali wa leo uive.

Wala hili si jambo la kukisia. Katika Kenya yetu, vyuo vikuu vya umma, mashirika ya serikali na serikali za kaunti yametajwa mara kwa mara kuwa yana deni la mabilioni ya shilingi kwa mifuko ya watumishi wao, na sehemu ya deni hilo ni fedha zilizokwisha kukatwa katika mishahara. Mtu amestaafu, amerudi kwao, kila mwezi hupanda gari kwenda kuuliza barua yake imefika wapi. Hapana mtu mmoja wa kumwita mwizi. Kila aliyekaa katika kiti kile alikuwa na dharura ya mwezi wake.

Uingereza waliyaona haya kwa sura iliyo mbaya zaidi. Robert Maxwell alikuwa bwana wa magazeti, mtu mkubwa mwenye sauti kubwa. Alipokufa baharini mwezi wa Novemba 1991, akiwa katika chombo chake cha anasa, ikagunduliwa kwamba mamia ya milioni za pauni yametolewa katika mifuko ya pensheni ya watumishi wake ili kuyaegemeza madeni ya kampani zake. Yafaa kuangalia njia iliyomuwezesha. Hakuvunja sanduku usiku. Wadhamini walikuwa chini ya mkono wake, na karatasi zilitiwa saini mchana. Waingereza wakatunga sheria mpya ya pensheni mwaka 1995, lakini wazee walikuwa wameshaonja.

Na kampani ya Marekani, Enron, iliyoanguka mwezi wa Disemba 2001, haikuwa na haja ya kuiba mfuko. Zaidi ya nusu ya akiba za uzeeni za watumishi zilikuwa ni hisa za kampani ile ile iliyowaajiri. Ikazama, na mashua ilikuwa imepigwa misumari kwenye ubavu wa meli.

Sasa mtu aweza kuuliza: tajiri naye ana haki gani? Ikiwa hana ruhusa ya kuigusa, anafaidika nini? Swali hili ni la insafu, na jawabu lake ni kwamba anafaidika sana, lakini kwa kutia si kwa kutoa. Fundi aliyekaa miaka 20 aijua mashine kwa sauti yake. Huyo hatamkimbia tajiri kwa ajili ya nyongeza ndogo ya jirani. Mzee aliyechoka ataondoka kwa heshima, kijana apate nafasi, badala ya kung'ang'ania kiti kwa kuogopa njaa. Serikali nayo huacha kodi juu ya mchango, kwa kiasi cha shilingi 30,000 kwa mwezi kwa mtumishi mmoja tangu mwisho wa mwaka 2024. Hizo ni faida za halali. Tajiri azitakaye nyingine zaidi ya hizo, ajiulize anazitoa mfukoni mwa nani.

Kuna jambo jingine ambalo halina khiyana ndani yake wala halina amani. Mifuko ni namna mbili. Katika namna ya kwanza, kampani huahidi: ukitumika miaka kadha, tutakulipa kiasi kadha kila mwezi mpaka kufa. Katika namna ya pili, kampani haiahidi kitu ila mchango; utakachokikuta siku ya mwisho ndicho chako, kiwe kingi au kichache. Siku hizi matajiri wengi duniani wanaikimbia ya kwanza na kuingia ya pili. Hata serikali ya Kenya ilianza mwezi wa Januari 2021 kuwatia watumishi wake katika mfuko wa michango, nayo ikitia asilimia 15 ya mshahara, na mtumishi akifika asilimia 7.5.

Wasemao kuwa huku ni kumtupia mtumishi khatari, wasema kweli. Soko likianguka mwaka wa kustaafu kwake, hasara ni yake. Akiishi mpaka miaka 95, shida ni yake. Lakini ahadi nayo ina mtego wake. Kampani ya magari ya Studebaker ilitangaza mwezi wa Disemba 1963 kufunga kiwanda chake cha mji wa South Bend. Mfuko ulikuwapo na haukuibiwa; ila ahadi zilikuwa kubwa kuliko fedha zilizowekwa. Waliofika umri wa miaka 60 wakalipwa haki yao. Watu zaidi ya 4,000 walio chini ya umri huo, na katika hao wamo waliotumika miaka mingi, wakapewa kama asilimia 15 ya walichostahiki. Wengine hawakupata kitu. Sheria kubwa ya pensheni ya Marekani ya mwaka 1974 ilizaliwa, kwa sehemu, na mlio wa watu wale. Kwa maoni yetu, tajiri mwenye kuahidi bila ya kuweka ni sawa na mwenye kununua bila ya kulipa, naye ameshakula.

Na katika mfuko wa michango iko dhulma ndogo isiyopiga kelele, nayo ni ujira wa wenye kuizalisha mali. Asilimia moja kwa mwaka yaonekana si kitu. Piga hesabu. Shilingi 100,000 zikikua kwa asilimia 8 kila mwaka kwa miaka 30 huwa kama 1,006,000. Zikikua kwa asilimia 7 huwa kama 761,000. Ile moja imekula karibu robo ya mali ya mzee. Hatusemi wazalishaji wasilipwe. Mwenye kazi hulipwa. Twasema mdhamini aliyetia saini bila ya kuuliza "asilimia ngapi?" ametoa robo ya mali isiyo yake.

(Ama mas-ala ya riba, kwani sehemu kubwa ya mifuko hii hutiwa katika hati za deni za serikali, ni mas-ala mapana yanayotaka ukurasa wake, wala hatutaki kuyapaka hapa juu juu. Ila mtumishi aliye na shaka nayo ana haki ya kuwauliza wadhamini mali yake imewekwa wapi, nao ni lazima wamjibu.)

Yabaki neno kwa watumishi wenyewe, kwani si wote walio safi katika jambo hili. Mdhamini aliyechaguliwa na wenziwe, akaenda mkutanoni kwa ajili ya posho na chai, ni mshirika. Na mwanachama asiyehudhuria mkutano wa mwaka, asiyefungua taarifa yake ya hesabu, hana wa kumlaumu peke yake. Michango ya Januari imo? Ya Februari je? Kutazama huko hakutaki ilimu ya chuo kikuu.

Na iko karatasi moja inayodharauliwa kuliko zote. Siku ya kwanza ya kazi, kijana hupewa karatasi ataje atakayelipwa akifa. Huandika jina la mamake au la nduguye, kwani hajaoa. Baadaye ataoa, atazaa, huenda ataoa tena, na karatasi iko pale pale. Katika Kenya mali hii haihisabiwi katika tirka ya maiti. Wadhamini humlipa aliyetajwa, na ikiwa hakutajwa mtu, wao ndio watazamao nani alikuwa akimtegemea. Kadhi hafiki hapo. Mjane huja ofisini na watoto wake, akaambiwa jina lake halimo, na aliyetajwa ameshachukua. Karatasi hiyo hubadilishwa kwa saini moja, siku yoyote mtu akiwa hai.