Mali Ikirudi, Imerudi kwa Mwenyewe

Amri ya saba ya Mungu yatukataza kuiba. Kila mtoto aliyefundishwa katekisimu aijua. Lakini amri hiyo ina upande wa pili, ambao wakubwa na wadogo twausahau upesi: aliyetwaa kisicho chake hana budi kukirudisha. Majuto ya midomo hayatoshi, wala sadaka nono kanisani haiwezi kushika mahali pa kurudisha. Hilo lajulikana. Juma hili twapenda kuliangalia swali linalofuata baada yake: mali ya watu ikiisha kurudishwa, je, aliyeirudisha, au majirani zake, wana haki ya kumwamuru mwenye mali jinsi ya kuitumia?

Swali hili limeulizwa kwa sauti kubwa katika mji wa Vancouver, ulioko pwani ya magharibi ya Kanada. Huko, kwenye mlango wa hori liitwalo False Creek, palikuwa na kijiji cha watu wa Squamish, wenyeji wa asili wa nchi ile. Jina lake ni Sen̓áḵw. Wazungu walipoanza kujenga mji wao, serikali iliwatengea wenyeji ardhi mahali hapo, nayo kufikia mwaka 1877 ilikuwa kiasi cha eka 80. Lakini ardhi hiyo ilimegwa kidogo kidogo. Mwaka 1886, na tena mwaka 1902, vipande vyake vilitwaliwa kwa ajili ya reli. Kandokando ya hori vikasimama viwanda vya kupasua mbao, karakana na maghala, na maji yakachafuka. Hatimaye, mwaka 1913, serikali ya jimbo la British Columbia iliwashurutisha watu wa Sen̓áḵw kuondoka. Wakuu wa familia walipewa fedha, watu wakapakiwa katika tishari na kuvushwa majini, na nyumba zao zikachomwa moto. Mtaa wa jirani hata leo waitwa Kitsilano, jina lililotokana na la mkuu mmoja wa wenyeji hao. Jina lilihifadhiwa, wenye jina walifukuzwa.

Msomaji wa Maandiko Matakatifu atamkumbuka Nabothi. Mfalme Ahabu naye alikuwa tayari kumlipa fedha, au kumpa shamba jingine lililo bora zaidi. Nabothi alikataa, kwa kuwa shamba lile lilikuwa urithi wa baba zake. Kuna vitu ambavyo bei haiviondolei udhalimu, ikiwa muuzaji hana nafasi ya kusema hapana.

Watu wa Squamish hawakunyamaza. Tangu mwaka 1977 walidai haki yao mahakamani. Mwaka 2000 walipatana na serikali ya Kanada, nayo ikakubali kulipa dola milioni 92.5 kwa ajili ya madai yao ya ardhi. Kulikuwa bado na kile kipande cha reli. Garimoshi lilikuwa limekoma kupita, na kampuni ya reli ilidai kuwa ardhi ni yake. Mwaka 2002 mahakama ya rufani ya jimbo ilithibitisha kwamba ardhi iliyotwaliwa kwa kazi ya reli, kazi hiyo ikikoma, haiwezi kubaki kwa kampuni. Basi mwaka 2003 wenyeji wakarudishiwa eka 10 na nusu, chini na kando ya daraja kubwa la Burrard. Katika eka 80, zilirudi eka 10 na nusu.

Nao wakaamua kujenga. Mwezi Desemba 2019 wananchi wa Squamish walipiga kura, na asilimia 87 ya waliopiga walikubali mpango wa kujenga hapo minara 11 yenye nyumba za kupanga zaidi ya 6,000, kwa ubia na wenye mitaji. Kazi ilianza mwaka 2022, serikali ya Kanada ikiwa imeahidi mkopo wa dola bilioni 1.4.

Hapo ndipo manung'uniko yalipoanza. Baadhi ya majirani walisema minara ni mirefu mno, watu watakuwa wengi mno, na njia zitasongamana. Walilalamika pia kwamba ardhi ile haifungwi na kanuni za ujenzi za mji. Hata kesi ilifunguliwa kuhusu mapatano kati ya wenyeji na mji, nayo mahakama ikaitupilia mbali mwaka 2023. Lakini neno lililotushangaza zaidi ni lile la waliosema kwamba majengo ya namna hii hayalingani na desturi za wenyeji wa asili. Walitazamia miti, majani, na pengine nyumba chache za mbao.

Tusiwadharau majirani hao. Kivuli cha mnara ni kivuli kweli, na mtu aliyezoea kuona bahari dirishani hupata hasara akikosa kuiona. Jirani ana haki ya kuuliza, kushauri na kuomba. Lakini tuwaulize nao: hori lile lilipojazwa viwanda, ni nani aliyewauliza watu wa Sen̓áḵw kama moshi wawaudhi? Na mji mzima ukijengwa magorofa, kwa nini mwenyeji peke yake adaiwe kukaa kama babu wa babu yake? Kumrudishia mtu ardhi kwa sharti kwamba abaki kuwa picha ya zamani ni kumnyima tena kile kile alichonyang'anywa kwanza, yaani mamlaka juu ya kilicho chake.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino afundisha kwamba kurudisha ni tendo la haki. Basi si tendo la ukarimu. Mkarimu aweza kuchagua ampe nani, kiasi gani, na kwa kazi gani. Mwenye deni hawezi. Zakayo aliahidi kuwarudishia mara nne wale aliowadhulumu. Hatusomi popote kwamba aliwauliza watazitumiaje fedha hizo.

Je, mwenye mali basi yu huru kufanya apendavyo? La, hasha. Papa Leo XIII, katika barua yake Rerum Novarum ya mwaka 1891, alikumbusha kwamba kumiliki ni jambo moja na kutumia vema ni jambo lingine, na kwamba mwenye mali huwa wakili wa Mungu kwa faida ya wengine. Sheria hiyo yawapasa watu wa Squamish pia. Wenye minara 11 watahukumiwa kwa namna watakavyowatendea wapangaji maskini, wazee wao wenyewe, na watoto watakaorithi mali na madeni yake. Lakini yawapasa kwa kipimo kile kile kinachompasa kila mwenye nyumba wa Vancouver. Kumdai aliyedhulumiwa awe mtakatifu kuliko aliyemdhulumu, ndipo astahili chake, ni dhuluma ya pili.

Sisi Wakatoliki hatuwezi kulisema hili kama watazamaji. Ng'ambo ya maji, huko North Vancouver, watoto wa Squamish waliwekwa katika shule ya bweni ya Mtakatifu Paulo, iliyoendeshwa na watawa wetu kuanzia mwaka 1899 hadi 1959. Shule za namna hiyo ziliwatenga watoto na wazazi wao na lugha yao. Marehemu Papa Fransisko alikwenda Kanada mwezi Julai 2022 kuomba msamaha, na tarehe 30 Machi 2023 Vatikano ilitamka wazi kwamba inayakataa mafundisho yaliyotumiwa zamani kuhalalisha kutwaa nchi za wenyeji. Mwenye kovu usidhani kapoa. Anayeomba msamaha hana nafasi ya kupanga jinsi aliyeumizwa atakavyoishi.

Wala tusidhani kwamba jambo hili liko mbali na milango yetu. Ni mara ngapi shemeji humrudishia mjane shamba la marehemu, baada ya wazee kuamua, kisha akamwekea masharti: asiliuze, asilipangishe, asipande isipokuwa mahindi, asiolewe? Ni mara ngapi baba hurudisha kwa binti mshahara aliouchukua, kisha akadai hesabu ya kila shilingi? Watu kama hao hudhani wametimiza amri ya saba. Kumbe mkono mmoja umetoa, na mwingine bado umeshika.

Enyi wazazi, wafundisheni watoto kurudisha kalamu ya mwenzao bila kumwambia aandikie nini. Na yeyote kati yetu aliye na shamba, fedha au urithi wa mtu mwingine, akirudishe kabla ya kwenda kitubioni, au aende akiwa amekwisha kukusudia kukirudisha. Akiisha kukirudisha, amwachie mwenyewe.