Vita vya Mchezo na Thamani ya Mtu

Watu wamecheza vita tangu zamani. Sataranji ina mfalme na askari wake. Bao lina kete 64, na mchezaji hula kete za mwenziwe akazipanda upande wake. Katika michezo hiyo damu haimwagiki, na aliyeshinda na aliyeshindwa huondoka barazani wakitaniana. Basi si ajabu kwamba kompyuta ilipokuja, nayo ilifundishwa vita.

Ipo jamii moja ya michezo ya kompyuta iitwayo michezo ya mikakati ya papo kwa papo. Katika sataranji mchezaji hungoja zamu yake. Katika michezo hii zamu hakuna. Wote hutenda kwa wakati mmoja, na anayechelewa kufikiri humkuta adui amekwisha fika mlangoni. Mchezo wa Dune II, uliotolewa Marekani mwaka 1992, ndio uliowapa wengi waliofuata kielelezo: chuma mali, jenga majengo, unda jeshi, mshinde adui. Ukafuatwa na Warcraft mwaka 1994, Age of Empires mwaka 1997, na StarCraft mwaka 1998. Huko Korea ya Kusini, StarCraft ulipendwa hata vijana wakaufanya kazi ya mshahara, na mashindano yao yakaonyeshwa katika televisheni.

Wako wasemao kwamba michezo hii ni upotevu wa wakati mtupu. Hao hawakuichunguza. Tuutazame Age of Empires II, uliotolewa mwaka 1999. Kwa kawaida mchezaji huanza na jengo moja la mji, wanakijiji watatu, na mpelelezi mmoja juu ya farasi. Kumpata mwanakijiji mwingine hugharimu chakula 50 na sekunde 25. Lazima aamue wangapi waende kutafuta chakula, wangapi wakate kuni, na wangapi wachimbe dhahabu na mawe. Akiacha watu waketi bila kazi, amepata hasara. Asipotuma mpelelezi, nchi ya adui hubaki ukunguni na shambulio humjia kwa ghafula. Mchezo huu hufundisha kupanga mapema, kupima mapato na matumizi, na kukubali kushindwa kisha kujiuliza sababu. Hayo ni mafunzo mema.

Walakini liko jambo moja katika mchezo huu linalostahili kufikiriwa. Kikomo cha kawaida cha watu wa kila mchezaji ni 200, wanakijiji na askari pamoja. Mchezo ukirefuka, ghala hujaa, na mchezaji hutaka askari zaidi, lakini nafasi hakuna. Basi wachezaji wazoefu wana hila yao. Huwachagua baadhi ya wanakijiji, wale wale waliolima na kujenga tangu mji ulipokuwa jengo moja, wakabonyeza kitufe cha kufuta. Wanakijiji huanguka wakafa pale pale, na nafasi zao hushikwa na askari. Hakuna mwanakijiji mwingine anayeweka jembe chini kuuliza wenzake wamekosa nini. Mifupa hubaki kidogo juu ya majani, kisha hutoweka. Kwa sheria za mchezo, hilo si kosa. Ni hesabu nzuri.

Je, mchezaji huyo ametenda uovu? Jibu la haraka ni kwamba mwanakijiji yule ni picha tu, hana mwili wa kuumia wala moyo wa kuhuzunika. Jibu hilo ni la kweli. Anayebonyeza kitufe kile si mwuaji, kama vile anayetoa askari wake aliwe katika sataranji si mwuaji. Lakini jibu hilo limejibu swali moja tu, yaani kama yupo aliyeumizwa. Limebaki swali la pili: je, jicho la mchezaji linazoezwa kumtazama mtu namna gani? Mchezo umempa mwanakijiji bei, haukumpa jina, wala mtoto, wala malalamiko. Kiumbe mwenye bei peke yake, siku faida yake ipunguapo, kumwondoa huwa ni kutoa kwa hesabu. Wazee walisema kwamba shukrani ya punda ni mateke. Hapa hata teke halisikiki.

Sisemi kwamba kijana atauacha mchezo akaenda kuua watu. Hatari ninayoiona ni ya kimya zaidi, nayo ni kuzidhani sheria za mchezo kuwa ndiyo tabia ya dunia. Sheria hizo zilitungwa na watu, na wangeweza kutunga nyingine. Mwaka 2015 Wamali na Wahabeshi waliongezwa katika mchezo huu, nao pia hupitishwa katika Zama za Giza, za Ukabaila, za Ngome na za Dola, majina yaliyotokana na historia ya Ulaya. Watungaji walishona vazi moja wakawavika wote. Tena, mwaka 2014 huko Poland ulitolewa mchezo wa namna nyingine uitwao This War of Mine, ambao watungaji wake waliyakumbuka mazingira ya mji wa Sarajevo uliozingirwa kuanzia 1992 hadi 1996. Humo mchezaji haongozi jeshi. Anawatunza raia wachache wenye majina, na wakiwaibia wazee chakula chao, huingiwa na majonzi. Kompyuta ni ile ile, lakini sheria zimebadilika, na mtu naye amebadilika.

Kwa hiyo kijana anayecheza na awe pia mhakiki. Aulize: mchezo huu unahesabu nini? Unaacha kuhesabu nini? Nani aliyeamua hivyo? Maswali hayo hayaharibu furaha, kama vile kuhakiki riwaya hakumzuii msomaji kuifurahia.

Nayo yatamfaa nje ya mchezo, kwa maana dunia ina kompyuta nyingi ambamo watu wameandikwa kwa tarakimu. Mwenye kiwanda ana orodha ya wafanyakazi na gharama zao. Mwalimu mkuu ana orodha ya wanafunzi na alama zao. Akimwondoa mwanafunzi dhaifu kabla ya mtihani ili wastani wa shule upande, amekibonyeza kitufe kile kile, na safari hii aliyeanguka ana mwili, ana jina, na ana mama anayemngoja nyumbani. Ninyi mnaosoma leo, kesho wengine wenu mtakalishwa mbele ya orodha kama hizo. Kikomo kitakapofika na nafasi zikawa haba, wakumbukeni waliojenga mji, na muwaulize wao kwanza kabla ya kunyosha kidole.