Kwani Kila Tunachopenda Lazima Kiwe na Sababu?

Mwezi uliopita kikundi chetu cha vijana kilimaliza vikao viwili vizima kikibishana juu ya rangi. Si rangi ya sare wala ya ukuta. Ni rangi ya vifuniko vya pikapu za gitaa.

Kwa wasiopiga gitaa: hapa pikapu si lile gari. Ni kile kidude kilicho chini ya nyuzi za gitaa la umeme, sumaku zilizozungushiwa waya mwembamba wa shaba. Uzi ukitikisika, pikapu inanasa ule mtikisiko na kuupeleka kwenye amplifaya. Gitaa letu ni la umbo la Stratocaster, lina pikapu tatu. Vifuniko vyake vya plastiki vilishapasuka, waya zikabaki wazi kwa vumbi na jasho. Kwa hiyo tulivihitaji kweli. Fundi akasema anaweza kutuagizia kutoka Dar es Salaam: vyeupe, vyeusi au vya krimu. Bei moja. Sauti nayo ni ileile, maana rangi ya plastiki haiibadilishi.

Mimi ndiye ninayeshika hela na kuandika ripoti, basi nikakasirika. Nikawaambia, jamani, watu wamepunguziwa mgao wa chakula, nyie mnagombania rangi? Mchagua jembe si mkulima. Chukueni vyovyote, twende.

Kijana mmoja akajaribu kunituliza. Akasema tuchanganye, kila pikapu na rangi yake, ili anayejifunza aambiwe "sasa tumia nyeusi" asichanganyikiwe. Nikafurahi. Hiyo ningeweza kuiandika. Hapo dada anayetupigia solo akaniuliza, "Kaka, kwani kila tunachopenda lazima tukitafutie sababu ya kuandika?"

Nilinyamaza. Kambi hii ya Nyarugusu ipo tangu 1996, na wengi wetu tumezaliwa humu. Turubai tunapewa, ndoo tunapewa, maharage tunapewa. Rangi na aina ameshachagua mwingine. Ukitaka zaidi, unaeleza: hitaji ni lipi, litasaidia watu wangapi. Tumezoea kueleza mahitaji hadi mtu akituuliza tunapenda nini, tunamjibu tunachohitaji.

Sisemi rangi ni sawa na unga. Mama anayegawa ugali wa sufuria moja kwa watoto sita hana haja na insha yangu. Vyeusi vingekuwa nusu bei, ningenunua vyeusi, na wangeninunia. Lakini hapa hakuna ambaye angekosa kitu. Sasa nilikuwa namlinda nani? Nadhani nilimwogopa atakayesoma ripoti, asije akasema hawa hawana shida. Na ile methali niliitumia vibaya. Inamsema mtu anayechagua jembe ili akwepe kulima. Hawa walikuwa wanataka kulima.

Tukapiga kura. Krimu ikashinda kwa kura mbili, na waliotaka nyeusi mpaka leo wananung'unika kwamba vumbi la hapa litaonekana. Ni kweli, litaonekana.

Kwenye ripoti kuna sehemu ya kujaza sababu ya manunuzi. Nikaandika kwamba vya zamani vilipasuka. Halafu nikaongeza mstari mmoja: rangi ya krimu, kwa sababu wameipenda. Ripoti bado haijarudi. Nangoja nione kama huo mstari utakatwa.