Kumcheka Yona

Kitenzi "cheka" kina ujanja wake. Ukisema "nilicheka", hakuna aliyeumia. Ukisema "nilimcheka", tayari kuna mtu wa pili kwenye hadithi, na huenda hajafurahi. Hiyo "m" ndogo katikati ya neno imebeba kesi nzima. Halafu kuna kucheka na mtu, kumchekea, kumchekesha, na kuchekelea shida zake. Ni kama lugha haitaki uondoke na kicheko chako kabla ya kusema kilikuwa cha nani.

Shida ni kwamba kuna kile kicheko ambacho hakikupi nafasi ya kuchagua. Unakijua. Mbavu zinauma, machozi yanatoka, umeshika bega la mtu ambaye hata humfahamu, unaomba "wacha, wacha" na hakuna anayeacha. Mwili umeshaondoka, akili inaukimbilia nyuma kama konda aliyeachwa na matatu. Sasa, mtu anaweza kulaumiwa kwa kicheko cha namna hiyo? Na kama si yeye, basi nani?

Chukua Papa Shirandula. Kwa wale waliokuwa wadogo, huyu alikuwa mlinzi wa geti Nairobi, na mkewe Wilbroda aliamini kwamba bwana ana kazi ya ofisi. Papa anatoka nyumbani na suti, anafika kazini anavaa yunifomu, jioni anageuka tena mtu wa ofisi. Ukiiangalia bila kucheka, hiyo ni hadithi ya mwanamume anayeona haya kazi inayomlisha. Na sisi wa Magharibi tulikuwa na sababu ya kununa, maana vichekesho vya Kenya vina mazoea ya zamani: wakitaka askari wa geti, wanamtafutia lafudhi ya Kiluhya na sahani ya ugali kubwa kama mlima Elgon.

Lakini hatukununa. Kwetu Bungoma, mjomba wangu alikuwa amelinda mageti ya Nairobi kwa miaka mingi kabla ya kurudi kulima, na hakuna mtu pale sebuleni aliyemshinda kucheka. Alikuwa anapiga kiti cha jirani. Siku moja nilimuuliza, "Mjomba, si huyu anakucheka wewe?" Akapangusa macho akasema, "Huyo anajua. Hujaona vile anakunja ile suti? Mtu hakunji nguo hivyo kama hajui itavaliwa kesho."

Nimeifikiria suti hiyo mara nyingi. Charles Bukeko, aliyecheza Papa, alikuwa na mwili mkubwa na macho ya mtu anayetafuta mlango wa kutokea, na angeweza kutuchekesha kwa mwili huo peke yake. Ila alichofanya kilikuwa kazi zaidi ya hiyo. Tulijua kwa nini Papa anajificha. Tulikuwa ndani ya ule uongo pamoja naye, tukiombea asikamatwe. Bukeko alifariki tarehe 18 Julai 2020, wakati wa Korona, na siku mbili baadaye akazikwa kwao Busia kwa masharti yale ya haraka haraka. Mjomba alizima runinga, akakaa nje.

Sasa nikupeleke ukumbini.

Mwaka 2023 nilikuwa mwalimu wa mazoezi, wale wanafunzi huita TP, katika shule moja ya wasichana upande wa Bungoma. Mwaka huo ndio tamthilia ya Timothy Arege, Bembea ya Maisha, ilianza kutahiniwa kwenye KCSE baada ya Kigogo ya Pauline Kea kumaliza zamu yake. Kama ulisoma sekondari Kenya unajua kinachofuata kitabu kikishakuwa setibuku: vikundi vya waigizaji vinazunguka shule kwa shule na spika za kukodi, kila mwanafunzi anatoa pesa kidogo, meza za bwalo zinasukumwa ukutani, na wasichana mia kadhaa wanabanana kwenye viti vya plastiki. Kwa wengi hiyo ndiyo tamthilia ya kwanza kuiona ikichezwa na watu wazima. Hata leo nadhani hizo safari ndizo ukumbi wa kitaifa wa kweli tulio nao.

Kwenye kitabu, Yona alikuwa mwalimu. Amezaa mabinti tu, watu wanamsema kwa kukosa mtoto wa kiume, pombe inamwingia, kazi inamponyoka, na uchungu wote huo unamwangukia mkewe, Sara, ambaye sasa ni mgonjwa. Kwa kifupi, mambo mazito.

Yona wa siku hiyo aliingia kupitia mlango wa nyuma wa bwalo, koti limegeuzwa ndani nje, kofia imekaa kama imetupwa kutoka mbali. Akajaribu kukaa kwenye kiti akakikosa. Bwalo likalipuka. Akakitukana kiti. Bwalo likalipuka tena. Mpaka hapo sina neno, jamaa alikuwa fundi. Kisha akamgeukia Sara, na wakaanza mbio kuzunguka meza. Yona na mwiko, Sara na sufuria kichwani kama helmeti. Mzunguko wa kwanza, wa pili, wa tatu, wakabadilisha mwelekeo, wakagongana. Mbio hizo Arege hakuziandika, walizileta wenyewe. Na wasichana, manze, walikufa. Wengine walikuwa chini ya viti. Walimu pia. Mimi pia, na siombi msamaha, kwa sababu ule mgongano ulikuwa wa kuchekesha kweli.

Mwanafunzi mmoja alicheka kuliko wote. Wenzake wawili walimtoa nje wakimshika makwapa. Nilitoka kuwaangalia nikamkuta amekaa kwenye nyasi karibu na tangi la maji, na kila akitulia anaanza upya, bila sauti sasa, mabega tu. Baadaye madam wa ushauri nasaha aliniambia, bila kuingia ndani sana, kwamba nyumbani kwa msichana huyo kuna Yona.

Mtu akiandika makala ya maadili angependa msichana huyo awe yule aliyekaa kimya katikati ya kelele, akiangalia viatu. Ingekuwa rahisi: wote wabaya, mmoja ameumia. Lakini alicheka. Alicheka kama mjomba, na sidhani kilikuwa kicheko kimoja.

Watu wa Afrika Mashariki tuna ushahidi wetu wa jambo hili. Tarehe 30 Januari 1962, wiki chache tu baada ya Tanganyika kupata uhuru, wasichana watatu walianza kucheka katika shule ya bweni ya misheni pale Kashasha, karibu na Bukoba. Hawakuweza kuacha. Kicheko kikapita kutoka kwa mmoja hadi mwingine mpaka wanafunzi 95 kati ya 159 wakapatwa, na tarehe 18 Machi shule ikafungwa. Wasichana wakarudishwa makwao, kikaibuka kule pia, kwa mfano Nshamba, ambako watu 217 walipatwa. Madaktari wawili, Rankin na Philip, walichunguza na kuandika ripoti mwaka 1963. Walitafuta sumu kwenye chakula, walitafuta virusi, hawakupata. Wagonjwa walikuwa wanacheka, wanalia, wanahangaika, wanapumzika, wanaanza tena. Mtandaoni hadithi hii huletwa kama kichekesho, ati kijiji kilichocheka mpaka shule ikafungwa. Waliotafakari baadaye wanaona hapo wasichana waliobanwa na kukosa pa kusemea. Hakuna aliyewahi kupata utani ulioianzisha, kwa sababu haukuwepo.

Kwa hivyo ninapomkumbuka yule msichana kwenye nyasi, siwezi kusema alimcheka Sara. Siwezi hata kusema alicheka, kwa maana tunayoipa hilo neno tukiwa na raha. Mtafiti Mmarekani Robert Provine alikuta kwamba mtu hucheka takriban mara 30 zaidi akiwa na wenzake kuliko akiwa peke yake. Bwalo zima linapocheka, mwili wako unabebwa, uwe na furaha au uwe na kitu kingine kilichokuwa kinatafuta njia. Basi namwachilia anayecheka. Kesi yangu na yeye imeisha.

Nabaki na yule aliyeleta sufuria.

Mwanafalsafa Mfaransa Henri Bergson aliandika mwaka 1900 kwamba ili tucheke lazima moyo utiwe ganzi kidogo. Naona alikuwa sahihi kuhusu bwalo letu na amekosea kuhusu mjomba. Sufuria ilikuwa sindano ya ganzi. Baada yake Sara hakuwa mtu tena, alikuwa kitu kinachokimbia. Ile suti ya Papa ilifanya kinyume: kadiri tulivyocheka ndivyo tulivyomjua zaidi.

Niliwahi kumwambia hivyo Yona mwenyewe. Nilihamia Kitale kufundisha, na siku moja nikamkuta kwenye kibanda cha chai karibu na steji, anangoja gari lijaze aende Kiminini. Nilimtambua kwa sauti. Nikamnunulia mandazi, tukaongea. Alinisikiliza vizuri, hakukasirika.

"Mwalimu," akasema, "wasichana wakicheka, mwalimu mkuu anatuita mwaka ujao. Wakilia, anasema tumeharibu hali ya shule. Na mimi niko na kodi ya nyumba."

"Sasa Sara?"

"Sara tunamwacha kwa kitabu. Si mko na somo la fasihi? Nyinyi mtamalizia."

Hilo jibu lilinikera, na bado linanikera, kwa sababu lina ukweli. Anacheka mtu mia sita, analipwa mtu saba, halafu uzito wa jambo unaachiwa mwalimu mmoja Jumatatu asubuhi na chaki. Alikuwa anasema kwamba kicheko ni kazi yake na yanayobaki ni ya mwingine.

Kuna desturi ya zamani inayokataa mgawanyo huo. Watani. Tanzania bado wanaulizana, wewe mtani wako nani, na mfano unaotajwa mara nyingi ni wa Wanyamwezi na Wazaramo. Mtani ana ruhusa ya kukutukana, kuchukua kitu chako, hata kuja kwenye msiba wako na kumwigiza marehemu vile alivyokuwa anatembea, mpaka wafiwa wanacheka na machozi hayajakauka. Ukinuna, wewe ndiye mwenye makosa. Lakini mtani huyo huyo ana wajibu pale pale msibani. Kuna kazi za mazishi ambazo ni zake. Anayekuigizia maiti ndiye pia anashika jembe. Ruhusa ya kucheka na jembe zinakuja pamoja, huwezi kuchukua moja ukaacha nyingine ukutani.

Vichekesho vyetu vya runinga vilirithi ruhusa vikasahau jembe. Ama karibu visahau. Benson Wanjau, Mkikuyu, alituchekesha kwa miaka na miaka kama Mzee Ojwang' kwenye Vitimbi, kwa lafudhi ya Kijaluo iliyokolea hadi wengi walishtuka kusikia jina lake halisi. Kwa karatasi, huyo ni mtu wa kabila moja anaiga ulimi wa kabila lingine, katika nchi ambayo tunajua mambo hayo yanaweza kufika wapi. Lakini sijawahi kukutana na Mjaluo anayemchukia Ojwang'. Na macho yalipomwisha nguvu uzeeni, Wakenya walichanga pesa atibiwe. Alifariki Julai 2015. Sidhani waliochanga walijiuliza Wanjau ni wa wapi. Walikuwa wanalipa kitu.

Mwaka uliofuata ile chai, kikundi kile kile kilikuja shule ninayofundisha hapa Kitale. Sikuwaambia waondoe sufuria. Ningekuwa nani? Niliomba jambo moja tu, na nilimpigia mwalimu mkuu magoti kidogo ili likubaliwe: mchezo ukiisha, waigizaji wasipande gari. Wakae mbele dakika ishirini wakiwa bado ni Yona na Sara, na wanafunzi wawaulize chochote. Yona aliniangalia kama mtu aliyeongezewa kazi bila malipo, ambavyo ndivyo ilivyokuwa.

Walicheza. Mbio zilikuwepo, mizunguko minne sasa. Bwalo lilikufa kama kawaida, na mimi nilikuwa mlangoni napangusa macho na tai.

Kisha viti viwili vikawekwa mbele. Swali la kwanza lilikuwa kuhusu kofia, ameiokota wapi, na Yona akajibu vizuri sana, tukacheka tena. La pili, kwa nini aligeuza koti. Cheko. La tatu akamwuliza Sara kama sufuria ilikuwa safi, na Sara akasema, "Niliiosha mimi, nani mwingine?" Hapo kicheko kilikuwa na kitu ndani yake, kilichelewa kidogo.

Halafu msichana mmoja wa katikati akasimama, mrefu, sweta imefungwa kiunoni kinyume cha sheria za shule.

"Mzee Yona, shikamoo. Nilikuwa nauliza. Huwa unampiga ukiwa umelewa, ama huwa unalewa ndio umpige?"

Watatu wanne walianza kucheka, wakaona wako peke yao. Feni ya bwalo ilisikika. Yule mwigizaji, ambaye alikuwa na jibu la kiti na jibu la kofia, alifungua mdomo kwa sauti ya mlevi, akaufunga. Akavua kofia akaiweka magotini. Sara alikuwa amemgeukia, naye pia anangoja.

"Rudia swali," akasema, kwa sauti yake mwenyewe.

Msichana akarudia.