Mtoto wa Paka na Manung'uniko ya Ndugu

Huenda wasomaji wetu watashangaa kuona ukurasa huu, ambao kwa desturi hushughulika na mambo mazito ya taifa na ya jamaa, ukimzungumzia leo mtoto wa paka. Wasishangae. Magomvi mengi ya nyumba zetu huanza kwa mambo madogo, na katika mambo madogo ndipo moyo wa mtu hujulikana ulivyo. Swali tutakalo kulipima ni hili: mume na mke wakipatana kumpokea mtoto wa paka nyumbani mwao, na ndugu zao wakachukizwa, imewapasa kufanya nini? Wamtupe ili kulinda amani ya ukoo, au wamtunze na kuyavumilia maneno?

Tulitazame jambo lenyewe jinsi litokeavyo mara nyingi. Mtoto arudi jioni kutoka shuleni, amemkumbatia kifuani mtoto wa paka aliyepewa na jirani. Baba na mama watazamana. Panya wamekwisha kutoboa magunia ya mahindi, na mtoto aahidi kwamba atamtunza mwenyewe, basi wakubali. Siku ya tatu shangazi awasili kutoka kijijini, amkute paka amelala karibu na meko, na hapo maneno yaanza. Auliza iweje paka ale dagaa na hali mtoto wa ndugu yao hana sare ya shule. Babu apewapo habari, auliza kwanza rangi yake; aambiwapo kuwa ni mweusi, atikisa kichwa. Mama mkwe naye atuma salamu kwamba hatalala katika nyumba hiyo mpaka mnyama huyo atolewe.

Kwanza twasema wazi kwamba haifai kuwacheka wazee hawa. Kijana aliyesoma huona raha kusema, "Hawa hawajui kitu," akadhani amekwisha kujibu. Hajajibu neno. Ndani ya manung'uniko yao mna mambo manne yaliyochanganyika: hofu ya uchawi, hofu ya maradhi, haki ya maskini, na uchungu wa mtu aonaye kwamba amesahauliwa. Mambo hayo hayana uzito mmoja, na kila moja lataka jibu lake.

Hofu ya uchawi haina msingi, nasi hatuna budi kusema hivyo bila kumumunya maneno. Imani kwamba paka mweusi ni chombo cha wachawi si ya Afrika peke yake. Katika Ulaya ya zamani pia paka weusi walidhaniwa kuwa na shirika na shetani. Lakini rangi ya manyoya hurithiwa kwa wazazi, kama irithiwavyo rangi ya ndama au ya kuku, wala haihusiani na bahati wala mauti ya mtu. Tusidhani kwamba imani hii ni mchezo usiomdhuru mtu. Katika nchi yetu ya Tanzania, hasa upande wa Usukuma, akina bibi vikongwe wameshutumiwa uchawi na hata kuuawa kwa sababu tu macho yao yalikuwa mekundu. Na wekundu ule waliupata kwa kupika miaka mingi katika moshi wa kuni na samadi. Mtu aliyezoea kumsoma mchawi katika manyoya ya paka hako mbali na kumsoma katika macho ya bibi yake. Kwa hiyo wazazi wanaokataa kumfukuza paka kwa ajili ya rangi yake wawafundisha watoto wao jambo kubwa kuliko paka.

Hofu ya maradhi ni jambo jingine, na hapa wazee wana sehemu ya haki. Husemwa sana kwamba manyoya ya paka huwafanya wanawake kuwa tasa. Hilo si kweli. Lakini ni kweli kwamba mwenye pumu aweza kushikwa na kifua akikaa karibu na paka. Ni kweli pia kwamba mavi ya paka yaweza kuwa na kijidudu kiitwacho toksoplazma, ambacho chaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Mama mjamzito asiyaguse. Mtu mwingine ayazoe kila siku kabla kijidudu hakijapata nguvu ya kuambukiza, kisha anawe mikono kwa sabuni. Tena nyama iliwe imeiva vizuri, maana kijidudu hicho hicho huambukizwa pia kwa nyama mbichi. Na kwa kuwa paka aumwapo kichaa cha mbwa aweza kumwambukiza mtu kwa kumng'ata, apelekwe kwa daktari wa mifugo kupata chanjo. Asemaye kwamba hana nafasi ya kufanya hayo, basi ndugu zake wana haki ya kumzuia.

Upande wa pili wa mizani tuweke na faida. Paka hakuja kwa wanadamu kwa kutafuta mapambo. Wataalamu wasema kwamba asili yake ni kimburu, yule paka wa mwituni ambaye hata leo aishi katika nyika zetu, na kwamba alianza kuzoeana na watu tangu walipojifunza kulima na kuweka akiba, kwa maana nafaka ilileta panya, na panya wakamleta paka. Mwaka 2004 ilitangazwa habari ya kaburi moja katika kisiwa cha Kupro, lenye umri wa miaka kama 9,500, ambamo paka alizikwa karibu na mtu. Watu wa Lushoto wanajua zaidi ya wengine hasara iletwayo na panya, maana tauni iliyozuka kwao mwaka 1980 iliendelea kurudi kwa miaka mingi. Ingawa hivyo, tusitie chumvi: paka naye aweza kuugua tauni na kuileta ndani, na mahali penye ugonjwa huo paka mgonjwa asishikwe ovyo. Paka ni msaidizi mwema, lakini kazi ya kufagia na kuhifadhi chakula vizuri yabaki kuwa ya mwenye nyumba.

Sasa tufike penye kiini cha jambo, yaani neno la shangazi. "Paka anakula, na mtoto wa ndugu yetu hana sare." Neno hili lachoma kwa sababu laweza kuwa kweli. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, iliyotolewa mwaka 1992, yashika pande zote mbili kwa mkono mmoja: yafundisha kwamba wanyama watendewe kwa wema, na kwamba kuwatesa au kuwaua bila sababu hakupatani na heshima ya mtu; na papo hapo yaonya kwamba si vema kuwatumilia wanyama fedha ambazo kwanza zilipaswa kuwaondolea watu taabu zao, wala kuwapa upendo ule uwastahilio watu tu. Kwa hiyo shangazi hakuleta neno la kijinga. Ameleta mizani, na mwenye nyumba hana budi kupimwa.

Apimwe basi kwa haki. Vichwa vya dagaa na mabaki ya samaki havikumnyang'anya mtoto yeyote sare yake. Mara nyingi waliompigia kelele paka hawakuisemea bia ya mwisho wa mwezi, wala nguo mpya ya harusi iliyovaliwa siku moja. Lakini ikiwa katika nyumba hiyo paka hununuliwa nyama kila siku, na barua ya mjomba mgonjwa imekaa mezani miezi mitatu bila jibu, hapo shangazi ameshinda, na hakuna maneno mazuri juu ya wanyama yatakayomwokoa mwenye nyumba. Jibu la kweli kwa manung'uniko ya namna hii hutoka mfukoni na miguuni: kupeleka ile sare, na kwenda kumtazama mgonjwa. Mtu ambaye ndugu zake wamemwona mlangoni siku ya msiba hatashutumiwa kwa muda mrefu kwa ajili ya paka.

Mfano tunao. Martin de Porres wa Lima katika nchi ya Peru, aliyefariki mwaka 1639 na kutangazwa mtakatifu mwaka 1962, huchorwa pamoja na mbwa, paka na panya. Mtu huyu alitumia maisha yake kuwauguza wagonjwa na kuwalisha maskini. Yasimuliwa kwamba alipokosa nafasi ya wanyama katika nyumba ya watawa, aliwaweka mbwa na paka waliotupwa katika nyumba ya dada yake. Huruma yake kwa wanyama haikupunguza kijiko kimoja katika bakuli la mgonjwa. Twaona kwamba huruma si kama debe la mahindi, ambalo ukimpimia huyu yule hupungukiwa. Ni mazoea ya moyo, na moyo uliozoea kumwona mnyama mwenye njaa hauwezi kwa urahisi kumpita mtu mwenye njaa.

Liko neno jingine ambalo ndugu husema, nalo ni kali kuliko yote. Huwaambia mume na mke wasio na mtoto, "Badala ya kuleta mtoto mwaleta paka." Ni kweli kwamba tarehe 5 Januari 2022 Papa Fransisko, aliyefariki mwaka 2025, alisikitika hadharani kuona mahali pengine mbwa na paka wakishika nafasi ya watoto. Lakini alikuwa akiwasema wale wasiotaka watoto kwa kujipenda. Na siku hiyo hiyo aliwatia moyo wasioweza kuzaa wafikirie kulea mtoto wa kupanga. Kuyachukua maneno hayo na kumpiga nayo mwanamke aliyekwisha kulia miaka saba ni ukatili. Kama paka huwafariji wawili hao jioni, nani kati yetu amepewa ruhusa ya kuwanyang'anya faraja hiyo? Ndugu wanaotaka kusema neno, waseme lile la kutia moyo, au wanyamaze.

Tumeyapima manung'uniko. Imebaki kumpima paka mwenyewe, kwa maana yeye hakuomba kuletwa. Twajua wote jinsi ugomvi wa namna hii umalizwavyo mara nyingi: usiku baba amtia paka katika gunia, ampakia juu ya baiskeli, na kwenda kumtupa sokoni au ng'ambo ya mto. Asubuhi mtoto aambiwa kwamba paka ametoroka. Hapo mabaya mawili yametendeka. Kiumbe aliyezoea mkono wa mtu amepelekwa kufa kwa njaa na mawe. Na mtoto amedanganywa na baba yake mwenyewe. Siku atakapoujua ukweli, maana watoto huujua, atakuwa amejifunza kwamba aliye dhaifu huhifadhiwa mpaka wakubwa watakapochoka kulaumiwa, basi. Baada ya miaka arobaini huyo baba atakuwa mzee dhaifu katika nyumba ya mtoto huyo. Tusiseme zaidi.

Kwa hiyo twatoa shauri hili. Wakati wa kukataa ni kabla ya kupokea. Mume na mke wafikiri kwanza: tuna nyama kidogo ya kumpa? Maana paka hawezi kuwa mzima kwa ugali mtupu, wala maziwa ya ng'ombe hayamfai sana, kwani huwaharisha wengi. Je, mtoto wa paka ametimiza majuma manane kwa mama yake? Tutamhasi, au tutamfungia kizazi akiwa jike? Paka jike aweza kushika mimba akiwa na miezi mitano hivi, naye hubeba kwa majuma tisa tu; asiyelifikiria hilo leo atalitafuta gunia kesho. Na wazee waambiwe mapema, kwa adabu, wasije wakamkuta paka kama mtu akutavyo jambo alilofichwa. Wakiisha kusikilizwa, uamuzi ni wa wenye nyumba. Kumheshimu mzee si kumkabidhi funguo za kila mlango.

Akiisha kupokelewa, ni deni. Ndugu mwenye pumu afikapo, paka atolewe chumbani na mashuka yafuliwe. Mgeni asiyempenda asilazimishwe kumpakata, wala asichekwe. Paka asitembee juu ya meza ya chakula, maana adabu ya nyumba ni ya wote. Ikiwa kweli haiwezekani tena kumtunza, atafutiwe nyumba nyingine kwa majina na kwa macho, mchana, na mtoto akijua. Lakini asitupwe.

Nanyi ndugu wenye kunung'unika, twawaomba nanyi jambo moja. Mtakapoingia katika nyumba ya mwana wenu na kumkuta mnyama mdogo karibu na meko, tazameni kwanza jinsi watoto wa nyumba hiyo wanavyomshika. Wakimshika kwa upole, bila kumvuta mkia wala kumtupia jiwe, jueni kwamba humo mna malezi, na kwamba ninyi wenyewe mtapokelewa humo mtakapozeeka. Wahenga wa Kiswahili walisema kwamba paka wa nyumba haingwi, yaani hafukuzwi. Hawakuwa wakimfikiria paka peke yake.