Shahidi Ndani ya Keneli: Aliyemweka Anadaiwa Nini?

Je, mtu akiweka shahidi mahali fulani, anadaiwa chochote na wale watakaokuja kumtegemea shahidi huyo? Swali hili waweza kuliuliza juu ya karani wa mahakama, au juu ya sisi tunaojaribu kuandika riwaya. Leo nataka tuliulize mahali ambapo wengi hatukuzoea kutafuta maadili: ndani ya keneli ya Linux.

Keneli, ndugu msomaji, ndiyo moyo wa mfumo endeshi wa kompyuta. Ndiyo inayogawa muda wa prosesa, kumbukumbu na diski. Programu zote hupiga hodi kwake. Sasa mashine ikianza kusuasua, utajuaje kilichotokea humo ndani? Ukiisimamisha ili uichunguze, ugonjwa wenyewe nao unatoweka. Ndiyo maana mafundi huweka ndoano za ufuatiliaji: sehemu zilizochaguliwa ndani ya keneli, ambapo mtu anaweza kunasa habari kazi ikiendelea.

Linux ilipata ndoano za kudumu za namna hii mwaka 2008, na mwaka 2009 ukaja utaratibu rahisi wa kuzibainisha. Fundi anaandika jina la ndoano, vitu inavyopokea, nafasi za kuhifadhia habari, namna ya kuzijaza, na namna ya kuzichapisha. Basi. Kama hakuna anayetazama, mahali pale panabaki amri tupu isiyofanya kitu, prosesa inapita kama haijaona. Ukiiwasha, amri ile inageuzwa palepale na shahidi anaanza kuandika. Leo ndoano hizi ni zaidi ya 1,000.

Tuitazame moja, iitwayo sched_switch. Hii hufanya kazi programu moja inaposhuka kwenye prosesa na nyingine kupanda, kama abiria wanaopishana kiti. Inaandika jina la aliyeshuka, namba yake, kipaumbele chake na hali aliyokuwa nayo: amelala akingoja kitu, au bado alitaka kuendelea. Kisha jina, namba na kipaumbele cha aliyepanda. Jina likizidi herufi 15 linakatwa. Na kama aliyeshuka alikuwa akingoja, alikuwa akingoja nini hasa? Hilo halimo. Shahidi huyu hasemi uongo hata kidogo, lakini maswali atakayoweza kuyajibu yalichaguliwa zamani, na mtu ambaye hakujua wewe utakuja kuuliza nini. Hapo ndipo maadili yanapoingia. Kubainisha ndoano ni kuamua nini kitakumbukwa na nini kitapita bila kumbukumbu.

Deni la pili lilijionyesha mwaka 2011. Mwaka ule Linux ilimalizana na kufuli lake kubwa la zamani lililokuwa likizuia sehemu nyingi za keneli kufanya kazi kwa wakati mmoja. Kila ndoano ilikuwa na nafasi ya kuandika habari za kufuli hilo, na kwa kuwa kufuli halipo tena, nafasi ile ikafutwa. Haki kabisa, au siyo? Lakini programu ya PowerTOP, inayoonyesha ni kitu gani kinamaliza chaji ya betri, ikaharibika vibaya. Haikuwa hata na haja na nafasi ile! Ila ilikuwa imekariri kwamba habari inazozitaka ziko umbali fulani toka mwanzo, na sasa zimesogea. Ikabidi pengo tupu la baiti 4 lirudishwe, likakaa hivyo kwa miaka kadhaa. Kufuli limeshazikwa, chumba chake bado kinalipiwa kodi.

Mtu atasema, kosa ni la aliyekariri. Ni kweli. Lakini Linus Torvalds, aliyeianzisha Linux mwaka 1991, anasimamia kwa ukali kanuni moja: badiliko la keneli lisivunje programu ambazo watu wanazitumia. Haulizwi kwanza nani mjinga. Kwa sababu hiyo wako wasimamizi, hasa upande wa mafaili, waliokataa kwa miaka mingi kuwekewa ndoano za kudumu. Wanaogopa kufungwa na ahadi ambayo hawakuitamka. Wanaotaka kuchungulia wanaweza kutumia ndoano za muda, zilizokuwepo tangu 2004, zinazobandikwa karibu popote keneli ikiwa kazini na zisizoahidi lolote.

Nawaelewa, lakini siwaungi mkono moja kwa moja. Anayekataa kuweka shahidi kwa kuogopa deni halifuti deni hilo. Analihamishia kwa fundi wa usiku ambaye mashine imemkwama na ndani hakuonekani kitu. Huyo atabandika ndoano yake kwa kubahatisha, na keneli ikibadilika ataanza upya. Mzigo uko palepale, umebadilisha bega tu.

Naona haki iko hivi. Anayebainisha ndoano achague jambo lenyewe, lile litakaloendelea kuwa kweli hata nyumba ikijengwa upya. Programu kushuka na nyingine kupanda ni jambo la namna hiyo. Undani wa kufuli fulani siyo. Naye anayesoma asome maelezo ya ndoano, asikariri nafasi. Wa kwanza akitimiza lake na wa pili lake, ahadi inabebeka. Kabla ya kumweka shahidi basi, tusiulize tu ataona nini. Tuulize pia kama tuko tayari kukaa naye.