Nguvu Inayonunuliwa kwa Subira

Anayenunua pikipiki kubwa iliyokwisha kutumika hununua, pamoja na chuma, mwenendo wa aliyeimiliki kabla yake, na katika pikipiki kama Yamaha V-Max, iliyoingia sokoni mwaka 1985, mwenendo huo una uzito kuliko rangi au kilomita zinazosomeka kwenye mita. Injini yake ina ujazo wa sentimita za ujazo 1,198, na silinda zake nne zimepangwa kwa umbo la V. Toleo la Marekani lilitajwa kuwa na nguvu za farasi 145 kwa msaada wa V-Boost, yaani vali zinazoanza kufunguka injini ifikapo mizunguko 6,000 hivi kwa dakika, ili kila silinda ivute hewa na petroli kupitia kabureta mbili badala ya moja.

Nguvu hiyo ndiyo inayomvuta mnunuzi, na ndiyo inayomsahaulisha kwamba fremu na breki za mwanzo hazikulingana nayo, hata mwaka 1993 ikabidi shokomzoba za mbele na breki ziboreshwe. Gia ya pili ya pikipiki za miaka ya mwanzo nayo ilijulikana kwa kuruka inapobebeshwa mzigo, na kuitengeneza ni kufungua injini yote. Kwa hiyo kuijaribu barabarani si jambo la kuonea haya mbele ya muuzaji.

Uchunguzi wenye manufaa zaidi hauhitaji chombo chochote: mnunuzi anapofika huweka kiganja kwenye injini kabla ya kuwashwa, kwani iliyokwisha kupashwa moto inaweza kuficha shida ya kuwaka asubuhi, hasa pale petroli ya zamani ilipoganda na kuziba vitundu vya kabureta. Kisha huinama kusoma tarakimu nne ubavuni mwa tairi, ambapo 2314 humaanisha wiki ya 23 ya mwaka 2014. Tairi la namna hiyo, hata kama mikato yake bado ni mirefu, limekwisha kukakamaa, na mpira uliokakamaa haushiki barabara.

Bei nzuri, basi, ni ile inayomwachia mnunuzi fedha za tairi mpya na mipira ya breki siku ileile, na asiyebakiwa na fedha hizo ana haki kwa nafsi yake, na kwa wanaomngoja nyumbani, ya kumrudishia muuzaji ufunguo wake.